Kioo cha pili cha kubeba

Jamani nina kile kioo cha pili cha kuchomeka kwenye laptop, cha kubeba na cha tachi (unakigusa kwa vidole), inchi 15.6, wiki ya tatu sasa nakitumia hapa Mtwara na sirudi nyuma. Si mnajua msimu wa korosho, hesabu za wakulima zinakuja rundo, zamani nilikuwa nahama toka picha za stakabadhi kwenda Excel narudi tena mpaka macho yanauma, saa hizi stakabadhi zinakaa kulia, nakuza kwa vidole viwili tu kilo zinaonekana. Raha sana!

Ila siku ya kwanza kilinitesa, nagusa kioo kipya mshale unaruka kwenye laptop, nikadhani nimeuziwa kibovu, kumbe unaingia tu kwenye mipangilio inayoitwa Tablet PC Settings unaiambia Windows kioo kipi ndo cha tachi.

Halafu waya. Ukitumia HDMI picha inakuja lakini tachi hupati mpaka uchomeke na wa USB, mimi natumia USB-C mmoja unabeba vyote hadi umeme, ila kagua laptop yako kwanza maana sio kila tundu la USB-C linatoa picha. Chaji ya laptop inaisha haraka kweli, umeme ukikatika nakichomoa naendelea na laptop peke yake.