Mhindi yupo, Mgiriki kaenda wapi?

Jana nimempeleka babu mjini Moshi kununua kitambaa cha suti. Ana miaka 84 na hataki duka lingine, ni la Mhindi yule yule, siku hizi anauza mjukuu. Wakasalimiana kama ndugu, kisha wakavutana bei dakika 20. Mimi nimesimama tu na mfuko wa ndizi.

Kwenye daladala ya Kibosho akanikumbusha kwamba ujanani alichuma kahawa kwa Mgiriki. Nikamuuliza, mbona Wahindi wapo na Wagiriki hawaonekani? Wote Ujamaa uliwagusa. Mwaka 1971 zilitaifishwa nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, Wahindi wengi wakahamia Uingereza na Kanada. 1973 ikawa zamu ya mashamba makubwa ya kahawa hapa Kilimanjaro.

"Mhindi alichukuliwa nyumba," babu akasema, "akabaki na mzigo dukani na shemeji Mombasa wa kumkopesha. Mgiriki alikuwa na shamba. Shamba likienda, unabeba nini?"

Hoja anayo. Ila Wahindi makarani na mafundi seremala, ambao hata nyumba hawakuwa nayo, hakuwataja. Suti iko kwa fundi, Ijumaa tunaifuata.