Nilivyofunga waifai ya nyumbani bila kuwafungia majirani

Nyumba za Ngamiani, hapa Tanga, zimebanana. Mawimbi ya 2.4 GHz, yanayotumiwa na waifai yangu, hupenya kuta vizuri kuliko ya 5 GHz, kwa hiyo waifai ya chumbani kwangu inashika hadi baraza ya jirani wa pili. Nilipohamia hapa niliikuta wazi. Fundi aliyeifunga ruta, kifaa kinachorusha waifai, hakuiwekea neno la siri. Jioni vijana walijaa barazani na simu zao, wanafunzi wakipakua mitihani ya miaka iliyopita.

Majirani kutumia hakukunikera hata kidogo. Hofu yangu ilikuwa kompyuta. Ninaandika hesabu za wafanyabiashara wadogo, na mahesabu yao yote yamo humo. Kwa waifai ya namna ile, aliyeingia yumo kwenye mtandao mmoja na kompyuta yangu. Tena huko kwenye intaneti simu zote zile zinaonekana kama laini moja, yangu. Mtu akitapeli kupitia hapo, uchunguzi unaanzia mlangoni kwangu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ina adhabu nzito.

Kabla ya kugusa chochote nilikwenda kwa Mama Rukia, mkubwa wetu hapa mtaani.

“Kwa hiyo unatukatia, mwanangu?”

“Hapana, mama. Nawatengea njia yenu.”

Nikaingia kwenye mipangilio ya ruta kwa kuandika anwani yake, 192.168.1.1, kwenye kivinjari cha simu. Kwanza nilibadilisha neno la siri la kuingilia humo, maana lile la kiwandani yeyote anaweza kulibahatisha. Kisha nikachagua WPA2, aina ya ulinzi wa waifai unaodai neno la siri, nikaweka neno refu la maneno manne yasiyohusiana. WPA3, iliyotoka 2018, ni bora zaidi, lakini ruta yangu haina.

Halafu nikazima WPS, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. WPS ni njia ya mkato ya kujiunga na waifai: hukuunganisha kwa namba ya tarakimu 8 badala ya neno la siri. Mwaka 2011 ilibainika kuwa ruta huikagua namba hiyo vipande viwili, kwa hiyo mdukuzi anahitaji majaribio kama 11,000 tu, kazi ya saa chache kwa kompyuta. Ukiiacha wazi, neno lako la siri liwe refu namna gani, halikusaidii.

Kuficha jina la waifai sikuhangaika nako, kuna programu za bure zinazolifichua.

Mwisho nikawasha mtandao wa wageni. Una jina lake na neno lake la siri, na nilihakikisha umezuiwa kuona vifaa vya ndani: nilijiunga nao kwa simu, nikajaribu kuifikia printa yangu, ikakataa. Kasi yake nimeiwekea kikomo ili kazi zangu zisikwame. Msimu wa mitihani ya kidato cha nne nakipandisha.

Neno la wageni nalibadilisha kila mpangaji anapohama. Jipya nampa Mama Rukia, naye ndiye anayewagawia wengine, kwa kuwa anajua nani bado anakaa hapa.