Herufi nne za mwisho

Jana mjukuu alikuwa ananisaidia kufuta vumbi kabatini. Vumbi la Dodoma la mwezi wa nane mnalijua wenyewe: unafuta asubuhi, ikifika alasiri unaweza kuandika jina mezani kwa kidole. Alipofika kwenye kichwa cha treni akakishika kwa mikono miwili, chini ya boila, kama nilivyomwelekeza, akakisogeza dirishani na kuanza kusoma jina la ubavuni herufi moja moja: N, Y, A, T, U, R, U. Akanyamaza. Kisha akauliza, "Babu, mbona hizi tatu za mwanzo ni nene, halafu hizi nyingine zimenyooka?"

Nikamjibu kwamba waliandika watu wawili. Akaridhika, akaendelea na kitambaa chake. Mimi ndiye niliyeshindwa kuendelea.

Ilikuwa Julai 2017. Kile kichwa nilikuwa nimekifanyia kazi miaka mitatu. Chenyewe cha kweli kipo Nairobi, kwenye makumbusho ya reli, namba 3020, cha mvuke, kiliundwa Glasgow miaka ya 1950 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki, na kama wenzake wa aina ile kilipewa jina la kabila. Nyaturu. Mama yangu ni Mnyaturu wa Singida. Siku niliyosimama mbele ya lile jina, nikaweka kiganja juu ya chuma, nilijua nitakiunda hata kama kitanimaliza.

Skeli yangu ni 1:50, kwa sababu hesabu yake inakaa kichwani. Reli yetu ya zamani, ile iliyofika Dodoma mwaka 1910, ina upana wa mita 1 kamili. Mezani kwangu inakuwa sentimita 2. Magurudumu 14 niliyachonga kwa mpingo: mawili mbele, manane makubwa katikati, manne nyuma. Boila ni bati la kopo la maziwa. Vyuma vinavyounganisha magurudumu ni spoki za baiskeli nilizozinyoosha na kuzipiga msasa hadi zikang'aa.

Macho yalishaanza kuniaga zamani. Miwani ya kusomea ya 1.5 nilianza nikiwa na miaka 45, na hilo halikunishtua, linampata karibu kila mtu: lenzi ya ndani ya jicho inakakamaa na umri, haibadiliki tena kirahisi kutazama kilicho karibu. Nikapanda mpaka 2, nikapanda mpaka 3. Nikahamishia meza dirishani. Nikaweka taa mbili, moja kila upande, ili kivuli cha mkono kisiangukie kazi. Vipande vyeusi nikawa navipanga juu ya kitambaa cheupe, na vile vya shaba juu ya kitambaa cheusi, maana kuliko ukubwa wa kitu, jicho lililochoka linatafuta tofauti ya rangi. Na nikajifunza kutumia ukucha. Mshono wa bati uliokaa vibaya, hata kwa unene wa unywele, ukipitisha ukucha unausikia. Nusu ya kichwa kile ilikamilishwa na kucha zangu.

Lakini herufi haziandikwi kwa ukucha. Zilikuwa na kimo cha milimita 2, rangi ya dhahabu, juu ya bamba dogo nililokwisha kulibandika ubavuni. Na jicho la kushoto lilikuwa limeanza mtoto wa jicho, ingawa sikuwa nimemwambia mtu. Zile taa mbili zikanigeuka: nikiziwasha, mwanga unasambaa kama unapoendesha gari kuelekea machweo na kioo cha mbele kimejaa vumbi. Nikizizima, sioni.

Nikaazima lenzi ya fundi saa, ile ya kubana jichoni. Herufi ikawa kubwa kama mlango. Sikujua kwamba ukiangalia kwa jicho moja mkono haujui umbali. Unaiona ncha ya brashi, unaliona bamba, lakini kilichopo katikati hukioni. Kila mara brashi ilikuwa inagusa kabla sijaitegemea. N ikatoka, nene. Y nene. A ikatoka na tumbo limeziba. Kwenye T nikadondosha tone zima. Nikalifuta kwa pamba na tina. Nikarudia, nikafuta. Mara ya nne rangi ya chini ikaanza kuchubuka, na bati la kopo la maziwa likachungulia pale nilipoweka jina la ukoo wa mama yangu.

Kitinda mimba wangu alikuwa nyumbani, anasubiri matokeo ya kidato cha sita. Alileta chai. Hakuondoka. Alisimama nyuma yangu muda mrefu, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Baba, naomba nikusaidie."

Nilitaka kumwambia hapana. Kilichonizuia ni kile kibano nilichokuwa nimeshikia pamba.

Kilikuwa cha Bibi, mzaa baba. Bibi alikuwa na vikope, na Kongwa ya utoto wangu hakuwa peke yake: ng'ombe, nzi, maji ya mbali, watoto wenye tongotongo wanafutwa kwa upindo wa kanga moja. Ugonjwa ukijirudia miaka na miaka unaacha makovu upande wa ndani wa kope, nywele zake zinageukia ndani, na mtu akipepesa zinamkwaruza jicho. Mhunzi alimkunjia kibano kwa kipande cha bati. Kila baada ya wiki mbili tatu alikuwa ananiita nje, upande wa tembe unaopata jua la asubuhi, anakaa kwenye kigoda, anainua kidevu. "Wewe ndiye mwenye macho," ananiambia. Nilikuwa na miaka minane. Nilikuwa nang'oa nywele moja moja, na yeye mkono wake umenishika goti, bila kusema lolote, bila kutikisika.

Nikampisha binti yangu kiti. Nikavua lenzi, nikampa brashi. Kazi yangu ikabaki kukishika kichwa kwa mikono miwili, kukiinamisha ili ubavu uelekee dirishani, na kutotikisika.

Sikuona kitu. Niliona nywele zake na doa la njano. Lakini bati la kopo ni jembamba sana, na nikagundua kwamba naisikia brashi kwa vidole. Ilikuwa inagusa kwa wepesi, kama inzi anayetua. Mkwaju mmoja wa kulala, mmoja wa kusimama: hiyo ni T. Akapumua. Mkwaju mmoja mrefu unaopinda na kupanda: U. Kwenye R alisita, nikasikia brashi inainuka, kimya, ikarudi. Nikawa nazihesabu. Mikono ilianza kuuma kwenye viwiko, na upepo ukawa unagonga dirisha, na mimi nilikuwa naomba upepo utulie, ng'ombe wa jirani wasipite, mtu asibishe hodi. Katika U ya mwisho nilikuwa nimefumba macho kabisa. Sikuwa na haja nayo.

"Tayari, Baba," akasema. Chai ilikuwa imepoa.

Mengine yalikwenda haraka. Matokeo yakatoka, akaenda chuo. Mwaka uliofuata daktari alinitoa mtoto wa jicho, akaniwekea lenzi ya bandia. Mlima naona, namba za mabasi naona, ila kwa kazi ya karibu bado navaa miwani, kwa kuwa lenzi ile haijirekebishi. Jioni moja niliketi na miwani nikakiangalia kichwa vizuri kwa mara ya kwanza. Zile nne zake zimesimama kama askari. Zile tatu zangu zimevimba. Nilichukua kibano, nikachovya pamba kwenye tina ili nifute NYA, niandike upya kwa macho mapya. Nikakaa nayo mkononi mpaka tina ikakauka.

Huwa namuwaza Bibi. Sijui kama alikuwa ananiamini kweli, mtoto wa miaka minane na bati lenye ncha karibu na mboni yake, au alikuwa hana namna nyingine. Sikumuuliza. Na binti yangu hajaniuliza mimi, naye ningemjibu nini? Kwamba siku ile nilikuwa na vyote viwili?

Mjukuu alipomaliza kufuta alikigeuza kichwa upande wa pili. Bamba lipo, rangi ya chini ipo, jina hakuna.

"Na huku, Babu?"

"Huko bado."

"Ataandika nani?"

Nilikuwa natafuta la kusema. Yeye hakusubiri. Akapitisha ukucha juu ya bamba tupu, taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia, kama anionavyo nikifanya, kisha akakirudisha kabatini, ubavu ule ukiwa nje.