Daftari la diwani halina safu ya chama

Nunua kaunta buku la kwaya tatu. Lipige safu saba: tarehe, kitongoji, jambo lenyewe, nani mwenye jukumu nalo, limepelekwa lini, jibu lililotoka, na siku jibu liliporudishwa kwa aliyelalamika. Jina na namba ya simu viandike pembeni. Chama usikiandike. Ukiweka safu ya chama, hata kwa nia njema ya kuijua kata yako, siku daftari likiangukia mikononi mwa mtu mwingine utakuwa umewauza watu waliokuamini. Acha pia mistari miwili mitupu chini ya kila jambo, maana majibu ya serikali huja vipande vipande.

Huku kusini mwa Tanzania hatukosi madiwani wasikivu wa uso. Wanatikisa kichwa, wanasema "nimelipokea", wanapanda pikipiki. Neno hilo lingefaa lipewe likizo. Jambo lililopokelewa na halikuandikwa halina tofauti na lililotupwa, na aliyelileta analijua hilo kabla vumbi la pikipiki halijatua.

Mtego wa sasa uko kwenye vikao vyenyewe. Mwaka 2015 majimbo kadhaa ya Mtwara na Lindi yalikwenda CUF, yakiwemo Mtwara Mjini, Tandahimba na yote mawili ya Kilwa. Mwaka 2019 wengi wakashusha tanga CUF na kupandisha tanga ACT-Wazalendo. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 ukaiachia CCM karibu vijiji vyote nchini. Matokeo yake ni kwamba Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake, mtendaji wa kata ni katibu na wenyeviti wa vijiji ni wajumbe, sasa imejaa watu wa rangi moja. Ukikaa humo utaambiwa hali ni shwari. Wanaokuambia hivyo hawasemi uongo, ila wanaripoti walichoambiwa na wanaowafuata, na wasiowafuata hawakufika. Zamani mwenyekiti wa kijiji wa upinzani alikuwa anakupigia meza na kukukera, lakini alikuletea habari. Siku hizi habari hiyo lazima uifuate ilipo.

Ilipo ni kwenye baraza la kahawa baada ya alasiri, kwenye vikoba vya kina mama, na chini ya mwembe karibu na ghala la AMCOS, chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, msimu wa korosho. Nenda bila mwenyekiti wa tawi na bila kofia ya chama. Lipa kahawa yako peke yako. Ukilipia baraza zima umeshaanza kampeni, na watu watakujibu kama wanavyojibu kampeni: kwa kusifu. Bendera ikipepea juu ya kijiwe, ya chama chako au cha wenzako, salimia, kaa, ongea. Usiombe ishushwe.

Kauli moja utaisikia mara nyingi: "Mheshimiwa, mimi si wa kwenu." Wengi hupotea hapo kwa kuanza kujieleza kwamba wao ni diwani wa wote. Jibu fupi linatosha: "Sawa mzee wangu. Korosho zako zilikuwa kilo ngapi?" Mazungumzo yakishafika kwenye kilo hayarudi tena kwenye vyama.

Msibani ni mahali pengine pa kufika. Huko vyama vyote vinakaa jamvi moja, na diwani asipoonekana hasahauliwi. Lakini daftari lisifunguliwe msibani. Mtu akikuvuta pembeni, mwambie utafika kwake keshokutwa, na keshokutwa ufike.

Mkutano mkuu wa kijiji una utaratibu wake. Sheria inautaka kila baada ya miezi mitatu, unaitishwa na kuongozwa na mwenyekiti wa kijiji, na mjumbe ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Diwani pale ni mgeni. Kosa la kawaida ni mgeni kuchukua saa nzima ya mwanzo, watu wakachoka, taarifa ya mapato na matumizi ikasomwa mbiombio jua likizama. Iombe isomwe kwanza. Halafu angalia kalenda ya huku. Kuanzia kama Mei au Juni hadi Agosti watu wako kwenye kupulizia mikorosho, wengine wanalala shambani. Oktoba hadi Desemba ni minada. Mvua zikishika, kila mtu yuko na jembe. Ijumaa mchana sahau. Na mkutano wa saa nne asubuhi ni mkutano wa wanaume, kwa sababu saa hiyo kina mama wa uwanda wa Makonde bado wako kwenye foleni ya maji au jikoni. Saa tisa na nusu inafaa zaidi. Mkutano ukiisha usikimbilie chombo. Baki dakika ishirini. Mama aliyekaa kimya nyuma kwa saa mbili atapita karibu na kukuambia jambo lililowaleta wote pale.

Usichanganye mkutano huo na wa chama. Mikutano ya hadhara ya vyama iliruhusiwa tena Januari 2023, na inataka taarifa polisi saa 48 kabla. Ya kijiji ni ya kijiji. Salamu ya chama ikipigwa pale, nusu ya watu wanaanza kutazama njia ya nyumbani.

Sasa korosho, maana daftari la diwani wa Mtwara au Lindi likifika kurasa kumi, nyingi zitakuwa zake. Mkulima anakuja: "Hela yangu haijaingia." Kabla hujaandika, omba stakabadhi. Itakuwa imekunjwa mara nne kwenye mfuko wa nailoni. Ifungue, soma jina, kilo, daraja na tarehe. Kisha uliza mzigo uliuzwa mnada wa ngapi. Mkulima anahesabu siku tangu alipopima kwenye AMCOS, ila malipo yanahesabiwa tangu mzigo ulipouzwa. Katikati hapo kuna lori lililochelewa kutoka AMCOS kwenda ghala kuu, au magunia yaliyokosekana, na mzigo ukakosa mnada wa wiki hiyo. Malalamiko mengi yanazaliwa kwenye pengo hilo.

Kama mzigo umeuzwa na jirani yake wa mnada uleule ameshalipwa, nenda kwenye akaunti. Jina la stakabadhi na la benki halifanani, mmoja kaandika jina la babu na mwingine hakuandika. Namba imekosewa tarakimu moja. Au akaunti imelala, maana mkulima anaitumia mara moja kwa mwaka. Hela ya namna hii hurudi na kukaa mpaka mtu aiulizie. Tatizo likiwa kilo, linganisha za AMCOS na za ghala kuu, uulize unyaufu, yaani kilo zinazopungua korosho zikikauka, umehesabiwaje. Likiwa kiasi, omba orodha ya makato, shilingi kwa shilingi. Kila moja lina mlango wake: katibu wa AMCOS, benki, mwendesha ghala, Ofisa Ushirika wa wilaya. Ukiandika tu "malipo ya korosho" hujaandika kitu.

Diwani hana amri juu ya AMCOS. Ni mali ya wanachama. Akimfokea katibu hadharani atapigiwa makofi na hela hazitatoka. Anachoweza ni kumwandikia Ofisa Ushirika, nakala kwa chama kikuu cha ushirika, kiwe MAMCU, TANECU, RUNALI au Lindi Mwambao, na kuhimiza mkutano wa wanachama. Na aombe jambo moja dogo: orodha ya waliolipwa kila mnada ibandikwe kwenye mbao za matangazo, kwa namba za stakabadhi. Pasipo orodha, maneno ya "wanalipana wao kwa wao" yanageuka ya vyama ndani ya siku mbili. Ikibandikwa, mtu anatafuta namba yake na ya jirani.

Aliyeuza kwa kangomba, yaani kwa mnunuzi wa kichochoroni nje ya AMCOS na mnada, hana stakabadhi, na hatasema mbele za watu. Ukimwona anazungukazunguka, usimbane. Mwandike kwa jambo lililompeleka huko: ada ya shule, ugonjwa, njaa ya Februari.

Salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, nayo ina saa yake. Ubwiri unga, ugonjwa unaotibiwa nayo, unashambulia machipukizi na maua, kwa hiyo mfuko wa kilo 25 ukifika maua yameshaungua ni unga wa kuhifadhi stoo. Malalamiko ya salfa yapelekwe mapema, wakati daftari la usajili wa wakulima bado linarekebishika. Soma majina ya kitongoji kizima kwa sauti, waliorukwa watajitokeza, na itaonekana kama kuna mtindo katika kurukwa huko.

Mengine kwa kifupi. Barabara za vijijini na za mitaa ni TARURA, barabara kuu na za mkoa TANROADS, maji vijijini RUWASA kupitia chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Tembo wakiingia shambani, kama wanavyofanya Liwale na Nachingwea, usingoje mkutano: ofisa aitwe nyayo na mabua yaliyovunjwa yakiwa bado yanaonekana, la sivyo kifuta jasho, pesa ya serikali kwa aliyeharibiwa mazao, kinakuwa hadithi. Bajeti ya halmashauri inaanza Julai, lakini vipaumbele vya vijiji hukusanywa miezi mingi kabla. Anayeleta ombi la darasa mwezi Aprili mwambie wazi kwamba limeingia foleni ya mwaka unaofuata. Watu wa huku wanavumilia kungoja kuliko wanavyovumilia kuzungushwa.

Kwenye Baraza la Madiwani, swali linalobebwa na kata mbili zenye madiwani wa vyama tofauti halisukumwi kando kirahisi. Mfano mkubwa tunao. Juni 2018 serikali ilipobadilisha sheria ili ushuru wa korosho ghafi zinazosafirishwa nje, ambao asilimia 65 yake ilikuwa irudi kwenye zao hilo, uende wote mfuko mkuu wa serikali, wabunge wa kusini wa CCM na wa upinzani walipinga bungeni kwa sauti moja. Walishindwa, lakini hakuna aliyeuliza nani wa wapi.

Lawama zitatoka kwako nyumbani kwanza. Kwenye chama chako utaambiwa unawapa wapinzani nafasi. Peleka daftari, wahesabie mambo kwa vitongoji, waone ni visima na stakabadhi. Diwani wa upinzani naye ana ugonjwa wake: anageuza ofisi kuwa jukwaa, mtendaji wa kata anajificha, barua haziandikwi.

Kila robo, kabla ya mkutano wa kijiji kufungwa, soma safu ya sita kwa namba, bila majina. "Namba 14, pampu ya kisima: RUWASA wamejibu, kifaa kimeagizwa. Namba 15, kalavati: TARURA wamesema hapana mwaka huu. Namba 16: sijapata jibu, nimeandika mara mbili." Hapana isomwe kwa sauti ileile ya ndiyo. Mwenye namba 16 atakufuata kwenye pikipiki, na pengine atakuja na mwenzake ambaye hajawahi kukusalimia. Beba kalamu ya akiba.