Siku moja maishani mwangu: ndama, kitunguu na birika la kunyweshea ng'ombe

Saa 10 na nusu alfajiri

Simu iliita kabla ya adhana. Alikuwa mzee mmoja mfugaji wa upande wa malishoni: ndama wake hajanyonya tangu jana jioni, amejitenga na wenzake. Mimi ni afisa mifugo wa kata huku wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, Tanzania, mwaka wa tisa sasa, na simu ya saa hiyo haisubiri. Nikavaa buti, nikafunga begi la dawa nyuma ya pikipiki, nikaondoka. Oktoba huku ni vumbi tupu.

Ndama nilimkuta amelala karibu na lango la boma. Tezi ya chini ya sikio imevimba ukubwa wa yai la kanga, macho yanatiririka machozi, kipimajoto kinasoma 41 na nusu. Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Mzee alimshika kichwa mwenyewe, hakumwachia mwanawe, nami nikachoma sindano kwenye msuli wa shingo huku mke wake akitumulikia kwa tochi ya simu. Tulipomaliza alinipa chai ya maziwa, akauliza, "Binti yangu, na leo kikao kipo?"

"Kipo, baba. Saa tatu, chini ya mkwaju."

"Na wale wakulima wa vitunguu watakuja?"

"Watakuja."

Akanyamaza, akasafisha mikono kwa majivu. Asubuhi kama hizi ndizo zinazonipa ruhusa ya kusema kitu mbele ya wafugaji. Cheti peke yake kisingetosha.

Saa 1 asubuhi

Nimerudi nyumbani, nimeoga, nimekula muhogo na chai. Kwa ambao hamjui ninachofanya nje ya ndama na chanjo: mwaka huu mimi ni mmoja wa wanafunzi wa amani, yaani watu wanaosomea kutatua migogoro, wanaofadhiliwa na Rotary, mtandao wa klabu za watu wa kazi mbalimbali wanaojitolea kusaidia jamii, katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Rotary ilipokea kundi lake la kwanza la wanafunzi wa amani mwaka 2002, katika vyuo vya mabara mengine. Kituo cha Makerere ndicho cha kwanza barani Afrika, na wanafunzi wake wa kwanza walianza 2021. Ada, malazi, chakula na nauli vinalipwa vyote. Unasoma kwanza kwa njia ya mtandao, unakaa Kampala wiki 10, kisha unarudi ulikotoka kwa miezi tisa kufanya kazi uliyoiombea nafasi. Kazi yangu ni maji ya ng'ombe: wayafikie bila wafugaji na wakulima kugombana.

Mimi si mwanachama wa Rotary. Mwanachama haruhusiwi kuomba nafasi hii, na naipenda kanuni hiyo, maana inawafanya watoe kwa ajili ya mtu mwingine. Klabu ya Rotary ya mjini Morogoro ndiyo iliyonisomea maombi yangu mara tatu, ikanirudishia yakiwa na wino mwekundu, ikaniambia, "Umeandika kuhusu mifugo. Watu wako wapi?"

Saa 2 na robo

Mpima ardhi wa klabu amefika kutoka Morogoro na gari lake mwenyewe, mafuta yake mwenyewe. Ameomba ruhusa kazini siku nzima. Amekuja na kifaa cha kupimia, kofia na katoni mbili za maji ya kunywa kwa ajili ya wazee. Nilimwamkia, tukapanda, tukaenda.

Kijiji sitakitaja, mazungumzo bado hayajaisha. Lakini yeyote aliyekulia Kilosa anajua ni kwa nini hatuchezi na jambo hili. Tarehe 8 Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji, wengi wao wanawake na watoto. Nilikuwa darasa la tano. Tangu hapo, ng'ombe akiingia shambani huku kwetu, mtu mzima hawazii fidia kwanza. Anawaza watoto wako wapi.

Saa 3 hadi saa 6, chini ya mkwaju

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo siku ilipokuwa.

Miaka kadhaa iliyopita kijiji kilipata kisima kirefu, chenye pampu ya sola. Wafadhili walikuja, wakachimba karibu na shule, upande wa mashamba, wakakabidhi, wakaondoka. Maji ni matamu, hayajawahi kukauka. Nami nilikuwepo siku ya kukabidhi, nikiwa afisa mifugo kijana, na nilipiga makofi pamoja na wengine. Hakuna aliyeuliza ng'ombe watapita wapi kuyafikia. Kiangazi cha kwanza wakapita katikati ya vitunguu.

Kampala walitufundisha maneno ya Johan Galtung, yule msomi wa Norway aliyefariki 2024: kuna amani hasi, ambayo ni watu kutopigana tu, na kuna amani chanya, ambayo ni mambo yale yanayowawezesha kuishi pamoja kwa haki. Nilipoyasikia darasani nilikiona kile kisima. Kilikuwa msaada wa kweli, kimejengwa vizuri, na kilizaa ugomvi kwa kukaa kilomita mbili upande usiofaa.

Walikuja watu kama 60. Wafugaji walikaa kushoto, fimbo zao magotini, wakulima kulia, mtendaji na mwenyekiti wa kijiji katikati. Mama mmoja wa vitunguu alisimama kabla hata mwenyekiti hajamaliza kufungua. "Ng'ombe waondoke. Sina lingine." Kutoka kushoto mtu akajibu kwa sauti, "Maji ni ya Mungu."

Nikaomba kitunguu. Watu walishangaa, lakini mtoto mmoja alikimbia akaleta, kikubwa, chekundu, bado kina udongo kwenye mizizi. Darasani tulichora kitunguu ubaoni: ganda la nje ni msimamo wa mtu, la kati ni maslahi yake, kiini ni hitaji lake. Niliona nikichora hapa nitakuwa mwalimu na wao wanafunzi. Nikampa yule mama kisu na kitunguu mkononi.

"Mama, ganda la juu umeshalisema. Ng'ombe waondoke. Menya, utuambie la pili."

Alimenya taratibu. Akasema msimu uliopita alipoteza robo tatu ya shamba, na vitunguu ndivyo vilivyokuwa ada ya mwanawe wa kidato cha pili. Mtoto alikaa nyumbani muhula mzima.

"Menya tena."

Alimenya, machozi yakamtoka kwa kile kitunguu, au kwa jingine, sikuuliza. "Alfajiri naenda kuchota maji peke yangu. Nakutana na vijana na ng'ombe gizani. Hawajanifanya kitu. Lakini mimi naogopa. Kila siku naogopa."

Kule kushoto kulikuwa kimya kabisa. Kisha yule mzee wa ndama akanyoosha mkono akitaka kisu. Akamenya lile lililobaki. Ganda lake la kwanza: maji ni ya wote. La pili: Oktoba iliyopita alizika ng'ombe 11. La mwisho alilitafuta kwa muda. "Nimezaliwa hapa," akasema. "Baba yangu amezikwa hapa. Naitwa mvamizi. Na watoto wangu wanasikia."

Sikuongeza neno. Nilijifunza hilo pia Kampala, na lilinigharimu, maana mimi ni mtu wa kujibu haraka.

Baada ya hapo maneno yalianza kuwa ya kazi. Pendekezo ni kuacha kisima kilipo, kutandaza bomba hadi upande wa malishoni, na kujenga huko birika la kunyweshea, ng'ombe wasiwe na sababu ya kuvuka mashamba. Mpima ardhi alitembea na vijana wawili, mmoja kutoka kila upande, nami nilifurahi kuona hakuchagua mwenyewe. Walirudi na kipimo: mita 1,800, kuna mteremko mdogo unaosaidia. Pia waliwekea vigingi mapito ya zamani ya mifugo, ambayo wazee wa pande zote mbili, la kustaajabisha, waliyakumbuka sawasawa. Mapito hayo yataingizwa kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, maana Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakipa kijiji uwezo huo, ila bila ramani na muhtasari wa mkutano mkuu yanabaki kumbukumbu ya wazee tu.

Akina mama wakaomba jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi yangu: bomba lenyewe litolewe tawi moja kwenye kitongoji chao, wasitembee gizani tena. Niliona aibu kwamba sikuliwaza. Nimeliandika kwa kalamu nyekundu.

Saa 8 mchana

Wali na maharage kwa mama ntilie wa njia panda. Simu ilikuwa na ujumbe wa kijana mmoja mwalimu wa Mvomero anayetaka kuomba nafasi ya Makerere. Nilimjibu palepale: shahada ya kwanza, uzoefu wa kazi wa miaka mitano unaogusa amani au maendeleo, Kiingereza cha kuandikia, na wazo la kazi utakayoifanya ukirudi. Maombi hufunguliwa Februari na kufungwa Mei 15. Nikamwambia asingoje Februari. Aanze sasa kwenda kukaa na watu anaotaka kuwaandikia.

Saa 9 alasiri

Safari ya Morogoro, kupitia Dumila. Yule mama wa vitunguu aliomba lifti, binti yake amelazwa hospitali mjini, siku zake za kujifungua zimefika. Alikaa nyuma na kikapu cha vitunguu mapajani, akalala kabla hatujafika barabara kuu.

Saa 12 na nusu jioni

Mkutano wa klabu wa kila Alhamisi. Kengele iligongwa, wimbo wa taifa ukaimbwa, kisha wakasimama kusema yale maswali manne yao. Je, ni kweli? Je, ni haki kwa wote wanaohusika? Je, italeta nia njema na urafiki bora? Je, itawafaidi wote wanaohusika? Yaliandikwa 1932 na Herbert Taylor, mfanyabiashara wa Marekani aliyekuwa akihangaika kuokoa kampuni iliyokaribia kufilisika. Nimewasikia watu wakiyasema kwa mazoea, midomo tu. Leo swali la pili lilinikaa kifuani. Wote wanaohusika. Tawi la maji la akina mama halikuwa kwenye karatasi.

Nikalisema hilo kwanza nilipopewa nafasi. Kisha nikaleta hesabu, kwa sababu klabu ilikuwa imepanga tangi la lita 10,000. Ng'ombe wetu mmoja kiangazi hunywa lita 30 au zaidi kwa siku. Ng'ombe 400 ni lita 12,000, kabla ya mbuzi, kabla ya mtu hata mmoja. Tangi likikauka saa saba mchana, kundi lote linarudi kisimani, kupitia vitunguu, na tunakuwa tumejenga ugomvi uleule kwa fedha mpya.

Mhandisi wa maji aliyekuwa meza ya mbele hakubisha. Alitoa kalamu, akageuza ratiba ya mkutano, akaanza kupiga hesabu upya nyuma yake. Hapo ndipo ninapowaheshimu hawa watu. Ni mhandisi, mwanasheria, mwalimu mstaafu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na kila mmoja analeta ujuzi uleule anaolipwa mchana, jioni anautoa bure. Mwanasheria amekubali kuja kusimamia muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji.

Mradi wenyewe unakwenda kuombewa fedha za mfuko wa Rotary, kwa kushirikiana na klabu ya nchi nyingine, kwa ngazi ile ya miradi inayoanzia dola 30,000. Sharti mojawapo ni tathmini ya mahitaji ya jamii kabla ya kuomba. Mwanachama mmoja mgeni alilalamika kwamba tathmini inachelewesha. Nilimweleza habari za kile kisima. Kwangu mimi, sharti hilo ndilo lenye thamani kuliko fedha zenyewe.

Kwa ajili ya tawi la akina mama hawakutaka kungoja. Kapu lilizungushwa mezani, likarudi na shilingi 340,000. Kidogo kwa bomba la urefu ule. Lakini mfuko huohuo wa Rotary, uliopendekezwa na Arch Klumph mwaka 1917, ulianza na mchango wa dola 26 na senti 50 kutoka klabu ya Kansas City. Mweka hazina aliandika kiasi chetu kwenye daftari, akakisoma kwa sauti, akakihesabu mara ya pili mbele yetu.

Saa 3 na nusu usiku

Nimelala kwa shangazi. Nilikuwa navua viatu simu ilipoita tena: mzee wa ndama. Homa imeshuka, amenyonya jioni, kidogo. Nikamwambia kesho mwanawe ampime tena, na akague kupe masikioni kwa wote zizini.

"Sawa, binti yangu." Hakukata simu. "Yule mama aliyepanda gari lenu. Nimesikia ana mgonjwa. Binti yake amejifungua?"

Nilisema sijui, nitauliza. Nikampigia mama. Alikuwa kwenye benchi nje ya wodi, nasikia watu wakipita na ndoo.

"Bado," akasema. Kisha kimya kirefu, nikadhani mtandao umekatika. "Mwambie bado. Mwambie nimezipata salamu."