Mlamu afukuzwa majini

Jumamosi nimefukuzwa majini. Mimi, niliyeruka gatini kwetu Amu, mji wa Lamu, kabla sijajua kusoma, nimeamrishwa nitoke ziwani hapa Berlin na mzee mwenye mbwa. Akaninyooshea kidole kibao kilichofichwa na matete: *Baden verboten*, kuogelea marufuku. Na mbwa wake, kwa taarifa yenu, alikuwa majini anapiga mbizi.

Nyinyi mnaoniuliza habari za viza kila siku, jifunzeni *verboten* kabla ya *Guten Tag*.

Huku hata pa kuogelea hupewa daraja. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2006 inataka maji yapimwe msimu mzima, hapa kuanzia 15 Mei hadi 15 Septemba, yatafutwe bakteria wa kinyesi wa aina mbili, kisha yahukumiwe: bora, mazuri, ya kutosha au mabaya. Matokeo hubandikwa ufukweni. Kumbe mwendo mfupi tu kutoka nilipoaibishwa palikuwa na mahali rasmi, maji bora, bila kiingilio. Na mimi wiki iliyotangulia nimelipa euro 6 kwenye ufuko wenye uzio! Geuzeni kwa shilingi muone ni changu wangapi.

Ramani ya simu yangu haikuwa imenionyesha mahali hapo. Usiku nikafungua OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni iliyoanzishwa 2004 ambayo yeyote anaweza kuirekebisha, nikaanza kutia sehemu rasmi za mtaa wangu. Nilidhani ni kunakili orodha ya serikali tu. Wapi! Huigusi mpaka ujue leseni yake inaruhusu. Halafu nukta moja ikaangukia katikati ya ziwa, ikabidi niende kwa miguu kutazama watu wanaingilia wapi. Nikakosea pia: nikauchora mchanga na maji kuwa kitu kimoja. Mtu nisiyemjua akanitengenezea, akaniandikia kwa upole kunieleza. Mjerumani naye, ila huyu bila mbwa.

Hamu ikanipanda, nikataka na kwetu kuwemo. Nikampigia ami.

"Ami, pale gatini ni mahali rasmi pa kuogelea?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Kwani nani asoyua?"

Kisha akanipa yasiyomo katika orodha yoyote ya Ulaya: Shela, kijiji jirani, maji yakitoka siku za bamvua, yanapopanda na kushuka sana, mtoto asivuke kivuli cha ngalawa ya mwisho, mkondo unamchukua; siku za maji mafu, yanaposogea kidogo tu, hata bibi anaoga. Nusu saa nzima. Nilijiona tajiri, wallahi.

Nikaharibu mwenyewe. Nikamuuliza ile mifereji ya mitaani inayoteremka hadi pwani, maji yake nani anayapima.

Kimya. Nikasikia mwadhini upande wake.

"Hilo nalo utaliandika?"

Nukta ya Shela nimeitia. Ya gatini nimeifungua mara tatu, nikaifunga.