Vibonyeo Viwili

Nilipoifunua ile kanga iliyofunika gramafoni ya Babu, macho yangu yalitua moja kwa moja kwenye swichi. Ilikuwa imeelekea ON.

"Nani kaiacha hivi?" nikauliza.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, kashika ungo wa mchele. "Babu yako hakuiacha hivyo hata siku moja," akasema, kisha akaenda zake uani.

Alisema kweli. Wajukuu wote tuliolelewa katika nyumba ile ya Ngamiani, Tanga, tuliijua sheria: santuri ikiisha, mkono wenye sindano unainuliwa, swichi inarudi OFF papo hapo. Binamu yangu aliisahau siku moja akala kofi ambalo analizungumzia mpaka leo. Sisi tulidhani ni ubahili wa umeme.

Mashine yenyewe ni Garrard 301 ya rangi ya kijivu, iliyoundwa Swindon, Uingereza. Aina hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1954, na ilikuwa mashine ya watu wenye fedha zao na ya vyumba vya redio. Ilikuja bila mkono na bila boksi. Unanunua mtambo mtupu, hayo mengine ujitafutie. Babu alikuwa fundi mitambo kwenye shamba la mkonge. Mashamba yalipotaifishwa mwaka 1967, meneja wake wa Kizungu akauza vyombo vya nyumbani ili aondoke, na Babu akarudi nyumbani na gramafoni. Bibi alikuwa akisubiri kabati la vyombo. Hilo nalo hakulisahau.

Babu alifariki mwaka 1996. Mimi nimeifunua kanga 2016, nikiwa likizo, na nikapewa ruhusa ya kuichukua Dar es Salaam nikaitengeneze.

Sasa hapa niungame ujinga wangu. Badala ya kuanza na mashine, nilianza na mapambo. Mkono wa sindano alioufunga Babu ulikuwa umepinda, kwa hiyo nikatafuta mwingine, SME 3009 uliotumika, rafiki akanibebea kwenye begi kutoka London. Nikanunua na kichwa kipya cha sindano. Vitu viwili hivyo vilimeza mishahara yangu miwili, na mke wangu hajui hesabu kamili. Nikamwendea seremala wa Keko anichongee boksi la mninga, zito kiasi kwamba tulilibeba watu wawili, kwa sababu lile la Babu lilikuwa la plaiwudi na lilitetemeka kama ngoma. Chini ya sahani inayobeba santuri nikakuta grisi imeganda, ngumu kama nta ya mshumaa. Nikaitoa kwa mafuta ya taa na vijiti vya meno, jioni tatu nzima, nikajaza mpya. Mota nikaitia matone machache ya oili ya cherehani. Nikaiwasha, na sahani ikaanza kuzunguka taratibu, kimya, kama haijawahi kulala miaka 20. Nilikaribia kulia.

Kisha nikateremsha sindano. Chini ya muziki kukawa na mgongano: duk-duk, duk-duk, duk-duk.

Nilihangaika na sauti ile wiki nzima. Nikabadilisha nyaya, nikauhamisha mkono, nikailaumu santuri, nikaulaumu mninga wa watu. Usiku mmoja nikabandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, nikaweka mwendo wa mizunguko 33 kwa dakika na kuhesabu. Kila karatasi ilipopita mara moja, mgongano ulipita mara kadhaa. Basi si sahani wala santuri. Kitu kinachogonga ni kidogo kuliko sahani, na kinazunguka haraka zaidi yake.

Garrard haitumii mkanda. Kati ya mota na sahani kuna gurudumu dogo la mpira. Mota inalisukuma gurudumu, gurudumu linaisukuma sahani kutoka ndani ya ukingo wake. Ukizima swichi, gurudumu linaachia, linakaa huru bila kugusa upande wowote. Ukiacha swichi ON, linabaki limebanwa katikati, hata kama umeme haupo.

Nikalichomoa na kulipitisha kidole gumba. Upande mmoja kidole kikashuka kwenye kibonyeo chembamba, kikali, upana wa punje ya mchele: hapo ndipo lilipokuwa limeegemea puli ya mota. Nikaendelea kuzungusha. Upande wa pili kulikuwa na kibonyeo kingine, kipana zaidi, cha sahani. Mpira ulikuwa umekaa mahali pamoja, umebanwa huku na huku, mpaka ukagandia hivyo. Kofi la binamu yangu nikalielewa siku hiyo, kama miaka 30 baada ya kupigwa.

Kwa fundi wa kuchonga vyuma tulijaribu kulisawazisha kwa msasa. Sauti ikapungua lakini haikuisha. Nikaagiza jipya Uingereza, kwa kuwa bado wapo watu wanaoyatengeneza, nalo lilipofika nikalivisha kwa dakika kumi. Kimya. Mishahara miwili ya mapambo, na ugonjwa ulikuwa kwenye kigurudumu kinachoenea kiganjani.

Desemba nikaipakia kwenye gari, nimeizungushia magodoro, nikairudisha Tanga ili Bibi aisikie.

Alikuwa ameweka tayari santuri moja, ya zile nzito za mwendo wa 78, yenye picha ya mbwa wa kampuni ya santuri ya HMV. Ilikuwa ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni hiyo. Nilipotoa chupa ya spirit kuifuta, Bibi alinishika mkono. Santuri za wakati ule hazikutengenezwa kwa plastiki, zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu, na spirit inauyeyusha. Bibi hakuwa na habari za wadudu. Alichojua ni kwamba Babu alifuta kwa kitambaa kikavu, basi. Nikabadilisha sindano nikaweka nene, maana mifereji yake ni mipana kuliko ya santuri za baadaye, nikawasha.

Siti akaanza. Mimi nikamtazama Bibi, nikisubiri machozi.

"Anakimbia," akasema.

"Bibi, iko kwenye 78."

"Anakimbia, mume wangu. Huyu si Siti, huyu ni mtoto wake."

Nilikuwa nimeupima mwendo nyumbani kwa macho tu, kwani ile karatasi ya kupimia, yenye mistari 77 inayoonekana imesimama mwendo ukiwa sawa chini ya taa inayopepesa, haikunionyesha kitu. Taa zangu zote za Dar ni za kisasa, hazipepesi. Lakini jikoni kwa Bibi kulikuwa na taa ya tyubu ya zamani, yenye choki na stata. Tukaihamishia mashine jikoni, tukaiweka mezani kando ya mbuzi ya nazi, nikaweka karatasi juu ya sahani. Mistari ikaonekana, nayo ilikuwa ikitambaa kwenda mbele. Bibi alikuwa sahihi. Nikazungusha kirekebisho cha mwendo kidogo kidogo. Ndani yake hakuna kinachogusana, ni sumaku tu inayosogezwa kwenye kisahani cha alumini kilichoko kwenye mhimili wa mota, na mota inalegea. Mistari ikapunguza mwendo, ikasitasita, ikasimama.

Tukarudisha sindano mwanzo. Safari hii Bibi hakusema kitu. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi, mikono magotini, mpaka santuri ikaisha baada ya dakika tatu hivi.

Nikamtolea mfukoni lile gurudumu la zamani na kumweleza habari ya vibonyeo. Akalipitisha kidole kama nilivyofanya mimi. Alikaa nalo muda mrefu.

"Nilikuwa katika eda," akasema. "Mwezi wa tatu. Wote mmelala. Nikasema niisikie moja tu, sauti ndogo. Haijafika nusu, umeme ukakatika." Akacheka kidogo, mkono mdomoni. "Giza, na mimi mjane, na taarabu! Nikainua sindano kwa kupapasa, nikatoa santuri, nikachomoa plagi, nikatupia kanga juu. Nikasema Mungu kanionyesha. Sikuigusa tena."

Sikujua la kumjibu. Sahani ilikuwa bado inazunguka mezani, tupu, chini ya ile taa ya tyubu, na mistari ya karatasi imesimama.

"Mama yako asijue," akasema.

Akanyoosha mkono, akaishika swichi mwenyewe, akairudisha OFF. Ndani kukalia *tak*, gurudumu likaachia.